Sahani ya Pili

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mpunga wa Tindiga, maji yameuacha salama? Mimi huku Uingereza ni mzima, ila nimechoka, uchovu ambao hata siku ya mapumziko hauondoki.

Naandika kwa sababu kwa hili simu hainitoshi. Dada aliniambia kwamba kwenye hitima ya mwaka huu ulitenga sahani mbili za pilau. Ya kwanza naijua. Ni ya babu yule wa kale wa ukoo wetu, aliyekamatwa enzi za misafara ya watumwa, akabebeshwa pembe za tembo hadi pwani, asirudi. Sahani yake hupewa mpita njia yeyote. Ya pili dada hakutaka kusema ni ya nani. Nilielewa, na nililia, mama.

Sasa nikupe ya huku. Yule bibi mzungu ninayemtunza na kumwogesha ana kinanda cha ukoo wao, vibonye vyake ni vya pembe za tembo. Kila asubuhi navifuta. Juzi kanisani kwao kulikuwa na mkutano: je, nchi yao ina deni kwa ajili ya utumwa? Mwanawe, ambaye ndiye mwajiri wangu, akaniomba nisimame niseme neno.

"Waambie tu kwamba nyinyi mmeshasamehe," akasema. "Isitoshe, waliowakamata si sisi, ni watu wa pwani."

Hilo la pwani ni kweli, na wapo waliouzwa na ndugu zao wenyewe, nalo nikalisema. Ila nikawauliza zile pembe zilikuwa zinakwenda kwa nani. Nikasema deni lipo, na kusamehe siwezi, kwa sababu mwenye kusamehe hajarudi nyumbani. Kwetu chakula chake bado tunakitenga. Nikakaa.

Sijafukuzwa, lakini mwanawe sasa hanisemeshi. Bibi mwenyewe kesho yake aliniambia, "Leo vibonye usivifute." Akavifuta kwa mkono wake, taratibu, mpaka akachoka. Sijui kama hiyo ni namna ya kulipa.

Nisalimie dada, na shangazi wa Berega mpe pole ya macho. Mjomba wa Mikumi mwambie tembo wakiingia tena shambani asiwafukuze peke yake.

Hitima ijayo, mama, sahani ya babu mpe mpita njia kama kawaida. Yangu usimpe mtu. Ifunike. Nitakuja kula mwenyewe.

Binti yako,
Mwanaidi