Usisafishe Kanda ya Mama

Kiprono, ndugu yangu mdogo,

Natumaini umeshachuna chai ya asubuhi na mgongo hauumi sana. Baba anakula vizuri? Mimi niko sawa, ni baridi tu ya huku Ujerumani inanivalisha soksi mbili. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Ulisema utapeleka ile kanda ya marehemu mama akiimba na kwaya kwa fundi wa studio Kericho mjini, atoe kelele zote ndiyo ichezwe kwenye ibada ya kumkumbuka. Tafadhali, ngoja kwanza.

Mzee ninayemtunza hapa ana kanda ya simfonia, ule muziki mrefu wa fidla na tarumbeta usio na mwimbaji. Aliirekodi mwenyewe ujanani, ukumbini, watu wakipiga moja kwa moja, na hakuna nyingine popote. Kila alasiri baada ya chai (yao haina maziwa, wacha tu) ananiwekea. Mara ya kwanza muziki uliponyamaza nilipiga makofi vile tunafanya kanisani. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ilikuwa imeisha sehemu ya kwanza tu.

Siku hizi nafunga macho. Fidla zinaanza polepole kama ukungu ukipanda kwenye majani chai, na mimi siko huku tena. Niko mteremko wa nyuma ya nyumba, kikapu mgongoni, nasikia akina mama wakiongea mistari miwili mbele lakini siwaoni. Chini ya muziki kuna sauti nyingine, ndefu, shhh. Mtoto wa mzee alisema ni ubovu wa kanda. Nikamwambia hiyo ni mvua. Mtu wa kwetu atakosaje kujua mvua juu ya paa? Mzee akanishika mkono. Ilinyesha kweli siku hiyo, na wapigaji wakaongeza nguvu isiwashinde.

Huyo mtoto wake alitengeneza nakala safi kwa kompyuta, mvua ikaisha. Mzee aliisikiliza kidogo tu akasema izimwe.

Msalimie baba, na shangazi wetu wa Kipkelion. Mwalimu wa kwaya mwambie bado naimba sauti ya pili.

Sasa nikuambie kitu ambacho hujawahi kuambiwa. Ubeti wa pili kwenye hiyo kanda, sauti ya mama inapotea, na kuna mtoto analia. Fundi atataka kumfuta. Ni wewe, Kiprono. Nilikuwa nimekubeba kwenye benchi ya mbele kanisani, nikashindwa kukunyamazisha. Mama akaacha mstari wa kwaya, akaja kuketi karibu na redio iliyokuwa inarekodi, akakunyonyesha. Ndiyo maana ubeti wa tatu anasikika karibu hivyo. Anaimba polepole, usiamke.

Dada yako,
Chebet