Sahani Niliyokupakulia Siku ya Wakwe

Mpendwa Mama,

Yule Sista uliyempikia misheni miaka yote ile ameniandikia kutoka kwao Ulaya. Kuna mama mmoja mnene anataka kufanyiwa upasuaji kama wako, na Sista anauliza: je, ndio uliokuua? Kabla ya kumjibu, nimeona nikuandikie wewe.

Nakumbuka ulivyokuwa. Kutoka nyumbani hadi kanisani Usevya ulipumzika mara tatu, na ukifika unasali umekaa kwa sababu magoti yamegoma. Sista alipokwenda likizo akakuchukua. Daktari wa huko alikukata tumbo, akakuachia kifuko kidogo cha chakula, akakiunganisha na utumbo. Ulirudi gauni likikupwaya, ukawa unatembea mpaka mashamba ya mpunga bila kusimama. Nilifurahi, ingawa majirani walisema umelogwa.

Chakula chako ulikipima kwa kifuniko cha chupa ya chai.

"Kikizidi hapa, hakuna pa kukiweka," ulisema ukicheka.

Kisha wakaja wakwe kutoka Kibaoni kunichumbia. Kwetu mama wa binti hula pamoja na wageni, nao humtazama. Nilimwona shangazi wa bwana wangu mtarajiwa akikukagua mifupa ya shingo. Nilikupenda, Mama, lakini siku ile nilikuonea aibu. Niliogopa watasema nyumba ile ina njaa, au ina ugonjwa, na posa ivunjike. Nikakupakulia wali sahani nzima, na paja la kuku juu yake. Ulinitazama. Kifuniko kilikuwa kando ya mkono wako.

"Karibuni nyie, tule," ukawaambia, ukaanza.

Ulimaliza. Shangazi akasema, "Mama yetu anakula vizuri!" Posa ikapokelewa.

Asubuhi ulikuwa umejikunja kwa maumivu. Mganga wa zahanati alipokubonyeza alisema huenda mshono wa ndani umeachia. Tulikupakia kwenye trekta la kijiji cha ujamaa, lakini hukufika hospitalini Mpanda.

Bwana wangu ni mtu mwema, na sijamwambia. Wageni wakija napika, ila nawaacha wajipakulie wenyewe.

Sista nitamjibu hivi: hatari za kisu wanazijua madaktari, mimi sizijui. Upasuaji wa mama yangu ulifanya kazi yake. Huyo mama asimwogope sana daktari. Azungumze kwanza na binti zake.

Pumzika, Mama.

Ni mimi, binti uliyemwozesha