Dokta Elimringi, Kozi ya Ulaya na Kidari cha Baba Mkubwa

Baba,

Masika yamerudi na wewe hujarudi, na sasa mwaka umetimia tangu ulipotutoka. Mama ametuonya tusiandike marefu, watu wana kazi zao. Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kusema kitu kifupi maishani mwako, kwa hiyo leo tumeamua kukufuata wewe.

Kwa asiyekujua: ulikuwa Dk. Elimringi Yoramu, mzaliwa wa Mbokomu, mkazi wa Rau, mhadhiri wa chuo kikuu hapa Moshi, na mtu pekee katika mtaa wetu aliyeweza kueleza Umoja wa Ulaya bila kuombwa. Ulimweleza muuza mkaa. Ulimweleza Khamisi, kinyozi wako wa Majengo, ukiwa na povu shavuni, naye akanogewa akakuachia upande mmoja wa ndevu ukaenda nao kwenye kikao. Khamisi anasema hadi leo wateja wake wanalijua Bunge la Ulaya kuliko wanavyomjua diwani wao.

Ulikuwa mpole. Ulimsalimia ng'ombe kabla ya kutusalimia sisi, na tulipolalamika ukasema yeye analeta maziwa. Mwanafunzi akifeli ulimwita nyumbani, Mama akampa mtori, ule mchuzi wa ndizi na nyama, na bakuli likiisha ndipo ulipoufungua mtihani wake mezani. Hatujawahi kusikia mtu aliyekata rufaa akiwa ameshiba.

Ile kozi yako iliyokupa jina ilianzia nje ya kanisa, ingawa chuo kiliandika vingine. Ibada ilikuwa imekwisha. Habari ilikuwa imefika kwamba Ulaya imetunga sheria: kahawa haitaingia kwao mpaka ionyeshwe shamba ilikotoka, ijulikane kwamba msitu haukukatwa kuipanda. Baba Mkubwa Sifael, kaka yako, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Alikuuliza mbele ya washarika wote, kwa ile sauti yake ya kuchunga mbuzi, hawa Wazungu wanaotaka ramani ya kihamba, shamba la nyumbani tuliloachiwa na babu, wanakuja kulima au wanakuja kuposa. Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, kisha ukanyamaza. Mama anasema mlifika Rau ukiwa bado umenyamaza, naye akataka kukupeleka hospitali.

Siku zilizofuata ukawaandikia wenzako wa nje. Profesa Marjeta wa Slovenia akaitika, na Profesa Joost wa Ubelgiji akaitika, vyuo vitatu vikakubali kutunga kozi moja: namna sera za Ulaya zinavyotungwa, na namna zinavyomfikia mtu wa mlimani ambaye hakuwepo zilipotungwa. Wanafunzi wa nchi zote tatu wangesoma pamoja kwa mtandao, halafu wakutane huku juu kwenye mashamba. Vikao vya kuitunga vilifanyika sebuleni kwetu, kwa bando letu. Profesa Joost alizoea kumsikia ng'ombe akichangia hoja, na siku ng'ombe aliponyamaza akaulizia kama mzima.

Kilichowashinda kilikuwa kugawana mada. Kila mmoja aliitaka mada ya biashara. Historia ya mikataba ilikuwa kama kwato: kila mtu anaiheshimu, hakuna anayeitaka sahanini kwake. Mlizunguka hapo miezi. Ndipo ulipopata wazo ambalo ulilisifia wewe mwenyewe kwa wiki nzima, kwamba wageni waje Desemba, wapandishwe Mbokomu, wachinjiwe mbuzi wa Krismasi, waone watu wanavyogawana bila kutoana macho.

Wakaja. Baba Mkubwa akachinja na kugawa kama anavyogawa miaka yote. Paja hili la fulani, shingo ya mjomba, mgongo wa akina mama, hiki cha jirani aliyeshika miguu. Wewe ulikuwa pembeni unatafsiri, umechangamka kama mtangazaji wa mpira. Profesa Marjeta akauliza ni nani aliyeamua kila kipande kiwe cha nani. Baba Mkubwa hakuinua macho kwenye kisu.

"Mwambie walioamua walishakufa. Sisi tunagombana tu ndani ya walichoamua."

Ulipotafsiri, wale maprofesa wakatazamana. Profesa Joost akasema hajawahi kusikia mikataba ya Ulaya ikielezwa vizuri namna hiyo. Na wewe, kwa furaha hiyo, kwa kutaka kumheshimu mgeni aliyetoka mbali, ukanyoosha mkono, ukachukua kidari, ukamwekea Profesa Marjeta sahanini.

Baba, tukupe haki yako, ulikuwa na shahada tatu. Lakini hata mtoto wa chekechea wa ukoo wetu anajua kidari ni cha mzaliwa wa kwanza. Tangu babu alale, kidari ni cha Baba Mkubwa Sifael.

Baba Mkubwa alifuta kisu kwa jani la mgomba, akaaga wageni mmoja mmoja kwa heshima zote, akavuka mfereji, akaenda kwake. Wageni walidhani amechoka. Sisi tulikuwa tunatazama chini, na wewe ulikuwa bado unatafsiri.

Chuo kikaipitisha kozi kwa sharti moja, kwamba lazima wanafunzi wafanye mafunzo ya vitendo kwenye mashamba ya kile kikundi cha kahawa. Maana yake bila geti la Baba Mkubwa hakuna kozi. Chuo kikaandika kuomba. Baba Mkubwa akajibu kwa upole kwamba kikundi kina shughuli. Kikaandika tena. Kikundi kilikuwa bado kina shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa wewe.

Ulimtumia wazee. Ulimtumia mchungaji. Ulimtumia hata sukari. Kila mtu alipokelewa vizuri na kurudishwa vizuri. Kwenda mwenyewe hukwenda, ulikuwa na vikao. Mama akakuvumilia mpaka siku moja ulipokuwa unawapatanisha Slovenia na Ubelgiji kwenye kompyuta, akasimama nyuma yako.

"Baba Winfrida, umepatanisha nchi za watu. Kaka yako yuko ng'ambo ya mfereji tu."

Profesa Marjeta aliporudi kumalizia mtaala, ni Mama aliyemweleza kosa, kwa sababu wewe uliona aibu. Yule mgeni alishtuka sana. Kesho yake akashuka Majengo kwa Shakiru wa bucha, akanunua kidari kizuri kuliko vyote, akapanda nacho Mbokomu kimefungwa kwenye gazeti, binti yako Winfrida akimwongoza njia. Mgeni hafukuzwi. Baba Mkubwa akamfungulia, akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu. Winfrida anasema ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

"Asante, mama. Ila hiki kidari hakina mbuzi, na huyo mbuzi hana mgawaji."

Akamnywesha chai, akampa mkungu wa ndizi usiobebeka, akamsindikiza, na geti likarudi kufungwa. Ikabidi sasa uende wewe.

Ulikwenda asubuhi, na Winfrida. Mkononi ulishika isale, lile jani la mpakani ambalo huku kwetu ukikosa unalifunga fundo unalipeleka kwa uliyemkosea, naye hana ruhusa ya kulikataa. Ulilinyoosha juu ya geti ukaamkia. Baba Mkubwa akaitikia marahaba, mikono nyuma. Isale halikataliwi, lakini hakuna desturi inayosema lipokelewe haraka.

"Elimringi," akasema. "Wa Ulaya wametunga sheria ya kahawa yangu, hawakuniuliza. Wewe umegawa kidari changu, hukuniuliza. Hebu nifundishe, Dokta. Tofauti yenu iko wapi?"

Winfrida anasema uliliinua jani juu zaidi.

"Haipo, kaka."

"Basi ingia. Chai inapoa."

Ulirudi nyumbani ukaukalia upya mtaala wote. Wiki mbili hukunyoa, Khamisi akadhani umehama. Ulipomaliza, somo la kwanza lilikuwa swali moja, kwamba mbele ya kila sera ya Ulaya, mwanafunzi wa Moshi na wa Ubelgiji na wa Slovenia aseme ni nani aliyeulizwa kabla haijatungwa, na nani hakuulizwa. Profesa Joost akasema hilo si somo, hilo ni lawama. Profesa Marjeta akasema linabaki. Mada ya biashara mkaigawana watatu. Historia ya mikataba, ile kwato, ukaibeba wewe bila kuombwa, na tukakusikia ukiifundisha kwa raha kama mtu anayekula firigisi.

Muhula wa kwanza ulikuwa furaha yako. Wanafunzi walipanda wakazunguka kihambani, na Baba Mkubwa, ndani ya koti lake la ibada, ndiye aliyekuwa anawauliza maswali. Binti mmoja wa Slovenia aliulizwa kwao kahawa inastawi kwenye kivuli cha mti gani. Akasema kwao kahawa haioti. Baba Mkubwa akamwonea huruma kweli, akamwongezea ndizi.

Kisha moyo wako ukakataa, ghafla, mvua zikianza. Tulikulaza kihambani, karibu na babu.

Baada ya hapo Baba Mkubwa alifunga geti. Safari hii hakuna aliyekuwa amemkosea. Kikundi kilihamishia vikao vyake kanisani. Mchungaji aliomba naye kwa juu ya geti. Tulipompelekea chakula alikipokea, akauliza habari za Mama, akafunga. Jina lako hakulitaja hata mara moja, na sisi tukajifunza kutolitaja mbele yake.

Kozi ikapewa Hadija, yule mwanafunzi wako wa Majengo uliyemsumbua mpaka akawa mhadhiri msaidizi. Chuo kikamwambia wazi: wanafunzi wasipopata mashamba mwaka huu, kozi inasimamishwa. Na ile sheria yenyewe, baba, wameisogeza mbele tena, kwa hiyo wapo waliosema kozi ya nini sasa. Ungekuwepo ungewaeleza. Wangekoma.

Hadija alipanda peke yake mwanzoni mwa mwaka kuomba. Baba Mkubwa alimsikiliza geti likiwa limefungwa, akasema atafikiri. Siku ya wanafunzi ikafika hajasema amefikiri nini. Tulimshauri Hadija awapeleke kwa wakulima wengine wachache waliokuwa tayari kimoyomoyo, lakini wale nao wakasema bila mwenyekiti wao hawafungui. Hadija akasema basi, tutapanda, tutauliza tena. Akikataa tutashuka, maana hata kukatazwa ni haki yake.

Walipanda, na wageni kutoka Slovenia na Ubelgiji wakiwemo, viatu vimejaa tope jekundu. Wakasimama nje ya geti. Sisi tulikuwa upande wa pili wa mfereji tunajifanya tunapunguza majani ya migomba. Hadija akaita hodi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Tumekuja kuuliza kama tunaweza kuuliza."

Walioitika ni kuku tu. Kijana mmoja akaanza kuongea Kiingereza, Hadija akamgusa bega. Mama aliacha kupunguza majani, panga likiwa hewani, na hakuna aliyethubutu kumwambia alishushe.

Huku juu, baba, wewe maisha yako yote umeitwa mdogo wake Sifael. Ulipofaulu la saba ulikuwa mdogo wake Sifael. Ulipokuwa Dokta ukaitwa mdogo wake Sifael mwenye vyeti. Ndivyo watu wanavyotajwa huku, mdogo anajulikana kwa mkubwa wake, na mkubwa hana haja ya kujulikana kwa mtu.

Komeo likasogea. Baba Mkubwa akatokea amevaa lile koti. Akawatazama wote, wa karibu na wa mbali, akaondoa kofia.

"Karibuni," akasema. "Mimi ni kaka yake Elimringi."

Wakaingia.

Unakumbukwa na mke wako Elinipendo. Wanao Winfrida, Goodness na Primus. Kaka yako Sifael na ukoo wote wa Mbokomu. Hadija na wanafunzi wako. Profesa Marjeta na Profesa Joost, waliotuma salamu ndefu kama zako. Majirani wa Rau, na Khamisi wa Majengo. Ng'ombe yupo, amezaa, tunamsalimia kwanza kama ulivyotufundisha.

Ibada ya shukrani itafanyika usharikani Mbokomu Jumapili hii, kisha nyumbani kwa Baba Mkubwa. Geti litakuwa wazi.

Pumzika kwa amani, baba. Mwaka umeisha, kukukumbuka hakuishi, daima.