Mbele ya Mgongo wa Zakaria

Buffalo, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti kabisa hapa jikoni, na Neema ananitazama kana kwamba mama yake amerukwa na akili. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unaitumia au umewagawia majirani? Nakujua. Mvua zimeanza huko? Maharage yametoka? Sisi tu wazima, Mungu anatutunza, isipokuwa ukucha wangu mmoja wa mguuni ambao umekuwa mweusi, na habari zake utazipata humu humu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Mtandao unakatika, mmoja analia, mwingine anasema haloo, haloo, na mambo yanaishia hapo. Barua hii inakuja kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani kwetu anayekwenda Kigoma kuwaona ndugu zake. Wifi Beatrisi akusomee pole pole, na asiruke mahali penye habari za kaka yake Elia kwa kumwonea haya.

Maana najua Elia ameshakupigia, au yuko njiani kukupigia. Amekwambia kwamba mke wa marehemu kaka yake anakimbia porini amevaa suruali ya kubana, na anapanda baiskeli milimani, na matanga ya Zakaria hayajaanuliwa. Mimi mwenyewe aliniambia uso kwa uso kwamba ukithibitisha kwa kinywa chako kuwa nimevunja matanga, hatanihesabu tena kuwa mtu wa nyumba yenu. Mama, mimi sina nyumba nyingine. Walionizaa walibaki njiani tulipokimbia, unajua. Basi neno liko kwako, na nakuomba unisikie kwanza.

Yote aliyosema ni kweli. Hata suruali.

Ilianza mwaka jana, majira kama haya, majani yakipukutika. Pale ghalani Cheektowaga napanga maboksi pamoja na Mama Riziki, Mkongomani wa Uvira, mwanamke mwenye sauti inayoweza kuita watu wa ng'ambo ya ziwa. Siku moja ya mapumziko akanishika mkono: twende kwenye msitu ulioko vilimani, kusini ya mji, tukatafute uyoga. Anaapa uyoga wa huku ni ndugu wa ule wa kwao. Neema tukamchukua, akabaki garini na simu yake.

Mama, sijui nikueleze vipi ule msitu. Miti yote ilikuwa imegeuka, mingine njano, mingine rangi ya damu ya mzee, na majani yalikuwa yanashuka bila upepo, moja moja, kama hayana haraka ya kufika chini. Nilisimama nikasahau uyoga. Nilijiona kama mtu aliyeamka katikati ya ndoto ya mwingine.

Ghafla tukasikia vishindo. Kutoka kwenye miti wakatokea watu, wazungu kwa weusi, wanawake kwa wanaume, wote wanakimbia, wanahema, macho mbele. Mama Riziki hakuuliza. Alitupa mfuko akapiga ukelele: "Batu banakimbia, Mama Neema! Njo! Tutauliza kule mbele!"

Na mimi nikatupa wangu. Wewe ungefanyaje? Mtu aliyekwisha kukimbia vita hasubiri kuambiwa kuna nini. Tulikimbia, Mama! Vitenge juu ya magoti, viatu mkononi, matope hadi kichwani. Moyoni namwita Neema, nawaza nitamfikiaje kabla yao. Nyuma tunasikia vishindo vinatukaribia. Mara wakatufikia, wakaanza kutupita mmoja mmoja, na kila anayepita anatabasamu na kutuambia hongera. Hongera! Bibi mmoja mwenye mvi, umri wake unakaribia wako, akainua kidole gumba juu kabisa.

Mama Riziki akasimama, mikono kiunoni. "Bon," akasema kwa kile Kifaransa chao. "Hakuna vita. Donc tumekimbia bure?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani, na Mama Riziki akaniangukia, tukacheka wawili tukishikana kama walevi. Neema alisikia akaja mbio, akasimama akinitazama. Unajua mtoto huyu siku hizi ananijibu Kiingereza tu, namsemesha Kirundi, namsemesha Kiswahili, yeye Kiingereza. Siku hiyo aliniambia kwa Kiswahili safi, "Mama, rudia tena. Cheka tena." Nikagundua kuwa tangu baba yake afariki hakuwahi kunisikia nikicheka.

Yule bibi mwenye mvi ndiye aliyeturudishia mifuko yetu. Anaitwa Doroti, alikuwa muuguzi, amestaafu. Kumbe wale watu hukutana kila Jumamosi asubuhi, wanakimbia porini kwa furaha yao tu, hakuna anayewafukuza. Akatuambia karibuni tena. Mama Riziki alisema yeye kukimbia kwake kumekwisha, atakuwa anatungoja na chai. Mimi nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine.

Sikutafuta kuwa msichana, Mama, Elia asikudanganye. Ni kwamba asubuhi ile ukungu unapokuwa umelala kwenye mabonde, na njia yenyewe haionekani kwa majani, unaweka mguu tu na kuamini kwamba ardhi ipo. Mwanzoni kifua kinauma. Kisha pumzi inapata mwendo wake, miguu inakwenda yenyewe, na baada ya hapo sijui niko wapi. Harufu ya majani yaliyolowa ni ile ile ya bondeni nyuma ya kisima chetu kambini. Mara nyingine nasikia hatua nyuma yangu naamini ni Zakaria. Sigeuki kutazama, maana nikigeuka hatakuwepo. Namwacha akimbie.

Baiskeli nilipewa na Doroti mwaka huu, magoti yake yameikataa. Matairi yake manene kama ya pikipiki, ina gia nyingi, lakini haina kengele wala stendi. Mimi nikaizunguka mara mbili nikamwuliza, keria iko wapi? Akasema hakuna. Nikamwuliza, sasa mtu anakaa wapi? Akanionyesha tandiko. Nikamwambia hapo anakaa mume. Masikini, akanishika bega.

Unakumbuka ule mteremko wa kutoka Kasulu, Zakaria amebeba magunia ya watu siku nzima, jioni ananipitia sokoni, mimi juu ya keria na Neema mgongoni? Baiskeli ile haikuwa na breki. Breki ilikuwa kandambili yake, akiikandamiza kwenye tairi. Mimi nilikuwa nafumba macho, napiga kelele, nampiga makofi ya mgongoni, na yeye anaimba. Miaka yote ile sikuwahi kuuona mteremko ule. Niliona mgongo wake tu, shati la bluu limelowa jasho.

Sasa nikiteremka kilima huku Buffalo, nimeshika usukani mwenyewe, macho wazi. Miti inapita pande zote mbili, njano, nyekundu, njano, majani yanaruka kutoka kwenye tairi, machozi yanatoka kwa upepo, na bata bukini wanapita juu kwa makundi wakienda kusini. Naona kile alichokuwa akikiona yeye mbele. Mama, palikuwa pazuri. Ndiyo maana mwanao alikuwa anaimba. Nilianguka mara nyingi, usinifiche, najua unacheka, na ukucha ndipo ulipokufa.

Mwezi huu nikapata ruhusa kazini nikasema niende Louisville, tulikokaa kwanza, kwenye kaburi la Zakaria. Nikaifunga baiskeli nyuma ya gari, Neema akakaa mbele kunishikia ramani kwenye simu, na tukapitia Columbus kulala kwa Elia.

Elia alitoka kutupokea kwa furaha, mpaka alipofika nyuma ya gari.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Baiskeli."

"Naona ni baiskeli. Ya nani?"

"Yangu."

Tulikula ugali na mboga ya lengalenga, mkewe amepika vizuri sana, hakuna aliyeonja utamu. Baada ya chakula akasema, "Kaka yangu hajaanuliwa matanga, na wewe unacheza porini?"

"Sichezi, Elia. Napumua."

"Pumua ukiwa umekaa."

Ndipo akasema yale ya kunitoa katika nyumba yenu. Nilikwenda kuosha vyombo. Lakini nikwambie na hili, kwa sababu ni mwanao na nampenda: asubuhi, kabla hatujaondoka, nilimkuta nje kwenye baridi anakaza mikanda ya ile baiskeli, anaitikisa, anaikaza tena. Akampa Neema mkate wa njiani akaingia ndani.

Kuna jambo la ajabu katika safari hii. Majani ya huku kaskazini hugeuka mapema. Tulipoondoka Buffalo mengi yalikuwa yameshaanguka. Columbus miti ilikuwa nusu kwa nusu. Kadiri tulivyoshuka ndivyo kijani kilivyorudi, na tulipoingia Louisville miti mingi ilikuwa bado imevaa. Niliendesha kama mtu anayerudi nyuma mwezi baada ya mwezi, na tulipoingia mtaa wetu wa zamani, niliona hakika kwamba nikipiga kona tu nitamkuta Zakaria amekaa kizingitini anavua viatu vya kazi. Neema naye aliacha simu yake. Tukapiga kona. Kuna watu wengine wanaishi pale, wana mbwa.

Sasa nifike kwenye kaburi, na hapa Wifi asome pole pole zaidi.

Mama, najua kwa nini hujaanua matanga. Watu wanasema umesahau kwa uzee, Elia anasema unangoja tukutane sote, lakini mimi najua. Siku ya maziko ulikuwa unatazama kwenye simu, Wifi amekushikia, na picha ikaganda. Iliganda jeneza likiwa juu, kwenye zile kamba. Halikushuka. Mpaka mlipopata tena mtandao, sisi tulikuwa tumeondoka. Kwako wewe mwanao bado yuko pale juu, na mtu hawezi kuanua matanga ya aliyebaki juu.

Basi mimi nilikuwepo, nikwambie. Lilishuka vizuri. Vijana wa kanisani walishika kamba sawasawa, halikuinama upande. Ardhi ilikuwa nyekundu, Mama, nyekundu kama ya shambani kwako, hata mimi nilishangaa. Mchungaji alipomaliza, Elia alitia mkono wa kwanza wa udongo, wake mwenyewe, kisha akainama akachukua tena, akasema kwa sauti kila mtu akamsikia, "Huu ni wa Mama." Akautupa. Nao uligonga ubao, nikausikia. Halafu tukaimba ule wimbo wa Kirundi unaoupenda, mwanzo mpaka mwisho, hatukuruka ubeti. Wanaume walifukia kwa zamu mpaka pakalingana na ardhi. Yuko chini, Mama. Amelazwa.

Leo pana nyasi. Jiwe lake limelala chini, jina limeandikwa bila kosa. Nilipangusa kwa kitenge. Upande wa kichwani kuna mti, sijui jina lake, na majani yake ndiyo kwanza yanaanza kuwa mekundu nchani. Neema alilala kifudifudi pale kwenye nyasi akamweleza baba yake mambo ya shule, kwa Kiswahili, yote. Kisha nikapanda baiskeli nikaenda kwenye vilima vya upande ule, nikakimbiza mpaka jua likaingia kwenye matawi, nikalia njia nzima, na nilipofika chini nilikuwa nacheka. Sijui kipi kilianza.

Nisalimie Wifi Beatrisi, msomaji wetu, na mumewe. Nisalimie jirani yako wa mlango wa pili anayekuchotea maji, mzee wa kanisa aliyetufungisha ndoa, na mkunga aliyempokea Neema. Mama Riziki, asiyekujua, anasema anakupa heshima zako.

Kwetu mjane hupewa jembe na mama wa mumewe, mbele ya watu, akaambiwa nenda kalime, na siku hiyo hurudi kuwa mtu. Hapa hakuna jembe na watu ni mimi na Neema. Jumapili ya kwanza baada ya kupokea barua hii nipigie, uniambie neno hilo tu, na umwambie Elia pia, akisikia kwako atatulia, na yeye amechoka kulia. Ukiona bado, sema bado. Nitaitundika baiskeli ukutani na kungoja, kwa sababu wewe ndiye mama niliyebaki naye. Lakini usinyamaze, Mama. Nakuomba sana, usinyamaze.

Mimi mkaza mwanao, na mwanao,

Konsolata