Kikombe cha Sosi Ulichoniomba

Saskatoon,
11 Februari

Dada Jeong-nim,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe, Shemeji na watoto wote. Naomba barua hii ikukute na afya, na lile goti lako la kushoto liwe limekupa nafuu, angalau upande ngazi bila kushika ukuta. Sisi huku tu wazima. Baridi imetubana tangu Novemba na theluji imefika kwenye kingo za madirisha, lakini ndani kuna joto. Mume wangu Dale anakusalimu sana. Bado anajisifu kwa watu kwamba katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako uliyewahi kukisifia Kikorea chake.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Nilisikitika kusikia kwamba wabebaji walikuvunjia mtungi mlipohamia ghorofani huko Gwangju. Uliandika kwamba vyombo vingine hukuvililia, ila sosi ya soya iliyokuwamo uliililia kama mtu, kwa sababu Mama alikuchotea kwenye mtungi wake siku ulipoolewa, naye alichotewa na mama mkwe wake, na huyo na wa kwake. Ukaniomba kikombe kimoja tu cha ile ya Mama, uitie kwenye sosi mpya ili isikatike, na tupate ya kupikia chakula cha kumbukumbu ya kifo chake mwezi wa nne. Mwisho ukanishukuru. Ulisema unalala vizuri kwa sababu unajua Mama alizeekea mikononi mwangu.

Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, Dada. Ndiyo yaliyonichelewesha.

Unakumbuka Mama alivyokuja huku baada ya kumaliza siku arobaini na tisa za matanga ya Baba. Sosi ile alikuja nayo sandukuni, kwenye madumu matatu madogo ya plastiki aliyoyaviringisha ndani ya nguo zake za baridi. Nilimtafutia mtungi wa udongo kwa familia moja ya Kikorea iliyokuwa inahama, akaimimina humo na kuuweka mtungi jikoni chini ya dirisha la kusini, maana nje ungepasuka kwa baridi. Kila siku ya jua aliufunua asubuhi, jioni akaufunika.

Jiko langu alilidharau tangu siku ya kwanza. Alisema ni jiko la kupashia maziwa. Oveni aliigeuza kabati la sufuria, na mashine ya kuoshea vyombo akaifanya kichanja cha kukaushia vile alivyokwisha kuosha kwa mkono. Akikaanga samaki king'ora cha moshi kinalia, naye anakipepea kwa gazeti huku anakigombeza kama jirani mbea. Mwezi wa kumi na moja alichemsha soya kutwa nzima, akaiponda, akaifinyanga matofali ya sosi mpya, akayafunga kwa soksi zangu ndefu za nailoni na kuyaning'iniza kwenye fimbo ya pazia katika chumba cha wageni. Mengine akayalaza kitandani chini ya blanketi la umeme yapate kuchacha. Dale aliingia humo kutafuta pasi, akarudi akaniuliza kwa adabu ni mgeni gani amelala kule.

Mama alimwita Dale "yule mrefu asiye na nyusi", lakini ndiye aliyempakulia kwanza. Nyama ya kukaanga kwa mboga, tambi za viazi vitamu, tofu ya moto yenye pilipili, vyote Dale alikula. Supu ya mwani ndiyo iliyommaliza. Alikuwa anaomba bakuli la tatu huku anaona haya.

Aliyeona haya ya kweli katika nyumba ile ni mimi.

Kazi yangu unaijua, nasafisha meno ya watu, uso wangu uko karibu na uso wa mtu kutwa nzima. Harufu ya soya ilinikaa kwenye nywele na koti. Nikawa naosha nywele mara mbili kila asubuhi, koti nalilaza ndani ya gari. Haikusaidia. Siku moja ya Machi, miaka mitatu iliyopita, mama mmoja aliyekuwa amelala kwenye kiti changu aliinuka, akasema angependa kusubiri mtu mwingine amhudumie. Mkubwa wangu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna kitu kimeoza. Neno alilotumia ni hilo, kuoza. Nikamjibu kwamba bomba la maji machafu limeziba. Akaniruhusu nirudi nyumbani mapema nikalitafutie fundi.

Yaliyotokea nilipofika nyumbani nimeyaruka kusudi. Nitayarudia kabla sijaweka kalamu chini.

Siku tatu baadaye Dale alikuwa anatimiza miaka hamsini, na Mama akampikia supu ya mwani. Nilikuwa nakata vitunguu nikaona amesimama na mwiko, haumimini wala haurudishi. Aliniita nionje. Nikaonja.

"Si yenyewe," akasema.

"Ni yenyewe, Mama."

Akaenda kwenye mtungi, akachovya kidole, akakilamba.

"Hii imekuwa ya mtu mwingine, Hyo-nim."

"Sosi ni ileile," nikamwambia. "Labda ni ulimi wako, Mama. Umri ukifika huko, ulimi nao hupungua."

Nilimsemesha kwa ile sauti ninayotumia kwa wagonjwa waoga. Akaniuliza kama huko kazini kwangu ndivyo wanavyosema. Nikasema ndivyo. Akasema basi, akauweka mwiko chini.

Mezani Dale aliniambia kwa Kiingereza kwamba supu leo ni nyepesi, kuna kitu kimepungua. Nikamkanyaga mguu. Baadaye nikamweleza kwamba Mama anapoteza ladha, asije akalitaja hilo mbele yake, atamuumiza. Alitii. Toka siku hiyo aliisifia supu kwa sauti kubwa mno, mpaka Mama akawa anamtazama kwa huruma.

Yaliyofuata mengine unayajua, kwa kuwa alikupigia simu ukalia. Ila hukumwona. Alikuwa anafumba macho na kuonja chumvi, kisha sukari, kisha siki, akanijia akiwa na matumaini kwamba chumvi anaisikia, sukari anaisikia, kinachomkataa ni sosi yake mwenyewe tu. Nikamjibu kwamba ndivyo inavyoanza. Sikukuu ya mavuno kanisani, ambako miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anatia chumvi kwenye masufuria ya watu mia, alimkabidhi mwiko mwenzake, Mama Pyo. Akasema mtu asiye na ulimi asiwakolezee wenzake chakula. Wanawake wale walilia. Mama Pyo akanipigia simu kunihimiza nimpeleke kwa daktari, nikampeleka, na daktari akasema neno ambalo nalo nitalirudia.

Baada ya hapo hakupika tena. Nilipika mimi, makaroni, kuku wa oveni, supu za kopo. Alikula kila nilichoweka na kurudisha sahani safi. Nikimuuliza anataka nini, ananiambia nisiharibu chakula kizuri kwa mtu asiyekisikia. Mtungi aliendelea kuufunua asubuhi na kuufunika jioni. Alikuwa hauonji, anaufunua tu apate jua.

Mwaka jana mwezi wa nne, hospitalini, siku mbili kabla hajatuacha, nilimpelekea uji wa mchele. Alimeza vijiko viwili, akaniuliza kama nimetia chumvi, kwa sababu hana namna ya kujua. Nilikuwa sijatia, walinikataza. Alikuwa sahihi na hakujua kwamba yuko sahihi. Nilifungua mdomo nimwambie yote, Dada. Palikuwa na kitanda, sisi wawili, na mlango umefungwa. Nesi akaingia kumpima presha, nami nikamshukuru Mungu kwa kuingia kwake. Shukrani ile ndiyo inayonitafuna kuliko mengine.

Sasa kuhusu sosi. Barua yako ilipofika nilikwenda dukani nikanunua chupa ya kiwandani. Nikaichemsha na dagaa wakavu na mwani mnene ili iwe na kina, nikaichuja, nikaitia kwenye chupa ya zamani na kuifunga kwa kitambaa cha Mama cha bluu. Niliandika anwani yako juu ya boksi. Dale alipoiona mezani alifurahi, hakujua kwamba kuna iliyobaki. Akaniomba tone moja tu, aonje kwa ajili ya kumkumbuka Mama. Nikashindwa kumkatalia.

Aliilamba kwenye kidole, akanitazama.

"Hii ndiyo ile ya baada," akasema. "Ile ya tangu siku yangu ya kuzaliwa."

Nikamwambia. Na sasa nakwambia wewe.

Siku ile mkubwa wangu aliponirudisha, Mama alikuwa kanisani, anakunja maandazi ya nyama na wenzake. Jua lilikuwa limejaa jikoni na mtungi ulikuwa wazi. Juu ya sosi palikuwa na utando mweupe, ule ambao mimi na wewe tumeuona tangu utoto na kuuengua bila kufikiri. Nikajiambia imeharibika. Nilijua si kweli. Nikauinua mtungi mpaka ukingoni mwa sinki, nikauinamisha.

Ilitoka nyeusi, nzito, ikazunguka kwenye tundu. Harufu ilipopanda nikajikuta naivuta kwa nguvu. Ilikuwa harufu ya ua wetu wa nyuma kule Suncheon, baada ya mvua. Hata hapo sikuacha. Ningeweza kuacha, nusu yake ilikuwa bado imo. Nilimwaga mpaka ya mwisho, nikafungulia maji ya moto.

Kisha hofu ikanishika. Nilikimbia dukani nikanunua chupa za sosi ya kiwandani, nikazichanganya na maji na chumvi, nikajaza mtungi mpaka kwenye alama ileile. Sinki nikaisugua kwa dawa. Saa kumi Mama alirudi na kifurushi cha maandazi, akiimba wimbo wa kanisani, akaenda moja kwa moja kuufunika mtungi wake.

Na daktari, Dada, alisema hivi: hajaona kasoro yoyote kwenye ulimi wala pua ya Mama, ingawa kwa umri wake mabadiliko madogo si ajabu. Mkalimani nilikuwa mimi. Nilimtafsiria Mama ile nusu ya pili peke yake. Alimwinamia daktari kumshukuru, akavaa koti lake.

Nimejiuliza kwa nini. Kumwaga naweza kukueleza, nilikuwa na haya na hasira, nilitaka nyumba inukie kama nyumba za wenzangu. Lakini sosi ikishamwagwa, mtu anaweza kusema nimeimwaga, akatukanwa, akalia, yakaisha. Mama angenichapa kwa mwiko, angeninunia mwezi mzima, kisha angekuandikia wewe umtumie nyingine. Mtungi wako wakati huo ulikuwa mzima. Ilikuwa inatosha simu moja. Mimi nikaona rahisi kumwambia kwamba ameharibika yeye. Kila alipokaribia kuigundua kweli nilimrudisha gizani kwa mkono wangu, na aliniamini kwa sababu mimi ndiye mwanawe ninayevaa koti jeupe.

Dale aliisukuma chupa pembeni. Halafu alisema kwamba miaka miwili alikuwa anaikosa supu ya Mama, na alinyamaza akidhani anamheshimu. Akachukua koleo akatoka, akawa anazoa theluji kwenye njia aliyokwisha kuizoa asubuhi. Aliporudi aliniambia chupa ile haitapelekwa posta, na kama sitakuandikia mimi atakuandikia yeye, kwa Kikorea chake hichohicho.

Kwa hiyo kikombe ulichoniomba sina. Mama Pyo aliwahi kupewa chupa ndogo, nimekwenda kumuuliza, alishaimaliza siku nyingi. Sosi ya bibi zetu imekatika, na aliyeikata ni mimi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Tiketi yangu ni ya tarehe nne Aprili, nami nitakuja hata usiponijibu. Kama hutaki nifikie kwako, nitafikia nyumba ya wageni karibu na stesheni ya Suncheon na sitakulaumu. Naomba tu uniache nisimame mbele ya kaburi lake huko Suncheon, tulikomrudisha, siku ya kumbukumbu, niliseme hili kwa mdomo wangu, wewe ukisikia na Mama akisikia.

Na kabla ya siku hiyo nakuomba jambo moja. Najua nyumbani kwako mnasimuliana kwamba ulimi wa bibi ulimtangulia kufa. Waambie watoto leo, usingoje nifike, kwamba si kweli. Mama alionja tone moja tu la mtungi ule akajua papo hapo. Ulimi wake ulikuwa mzima, Dada. Ulikuwa mzima mpaka mwisho.

Nifikishie salamu kwa Shemeji, na kwa mama mkwe wako ukienda kumtazama. Ujifunike vizuri asubuhi, baridi ya Februari huko haina maana lakini inaingia kwenye magoti.

Ni mimi mdogo wako,
Hyo-nim