Ile mbuzi muichinje leo

Mususa, 9/5/2001

Malachie na bibi yako Jemima,

Maharagi iko mu sufuria, mutie chumvi. Naenda shamba kupanda viazi. Basoda balitoka ku barrière jana, njia iko wazi. Malachie, ~~uniletee jembe yangu yenye ulimupa Jemima~~ hapana, nimeshaitwaa miye mwenyewe nyuma ya mulango wenu.

Asubuhi hii shofere alileta majibu ya damu yangu toka Kampala. Nilikimbia nayo kwa docteur. Alinielezea: ile kansa ya mapafu ilikuwa inaacha alama mu damu. Mbele ya operesheni alama ilikuwa 41. Sasa ni 2, sawa ya mutu muzima, asiye na ugonjwa! Nilicheka mpaka infirmière, ule muuguzi wa docteur, akanikamata mukono. Batanitosha tena damu ya kupima kisha miezi tatu, lakini leo nimeshinda.

Na ile mbuzi yenye mulifunga nyuma ya nyumba? Mulisema ni ya Pasaka. Pasaka ilipita, mbuzi ingali pale, na nyinyi munahesabu kikohozi yangu. Munazani sikujua ni ya kilio yangu, siku ya kunizika?

Muichinje leo. Maini muniwekee miye, nitarudi na njaa.

Mama yenu