Mgeni Niliyemwalika Darasani

Zilpah, nimeaibika! Nimetoka darasani sasa hivi.

Nilimwalika Mzee Keynan, yule anayeuza ngamia sokoni Garissa, awaonye vijana wangu kuhusu magenge. Akaanza, "Wallahi, mimi nilikuwa shifta, mwaka wa sitini na tano." SHIFTA, Zilpah, wale waasi waliopigana na serikali! Wavulana wakapiga makofi! Mwalimu mkuu akanikodolea macho.

Eti ngamia wa familia yake waliuawa wote na wanajeshi, akabaki kijana bure. Shifta wakampa bunduki, wakamwita mwanamume.

Dagane, mmoja wa wavulana, akauliza walianza na nini.

"Tulichoma duka ya kijiji. Ilikuwa moja tu. Mama yangu alikunywa chai bila sukari mpaka vita ikaisha. Nikirudi nyumbani ananimiminia hiyo hiyo, ananiangalia tu."

Zilpah, nimewekewa chai ya sukari hapa ofisini. Siwezi kuinywa.